Panya wazee na HSP70: ini limechoka au kipimo kimekosewa?

SWALI: Tulipasha joto panya wa maabara wa miezi 6 na wa miezi 24, tukapima HSP70, protini inayolinda seli dhidi ya joto na dhiki nyingine, kwenye ini. Bendi ya wazee, yaani mstari unaoonyesha wingi wa protini hiyo kwenye jeli, ilitoka hafifu. Ajabu ni kwamba kwa wale ambao hawakupashwa joto, wazee na vijana walilingana. Tumekosea wapi?

JIBU: Huenda hamjakosea popote. Kinachopungua zaidi uzeeni ni wepesi wa kutengeneza protini hii dhiki inapoingia, kuliko akiba iliyopo siku za utulivu. Joto likipanda, protini za seli hukunjuka na kuanza kugandamana. Hapo protini iitwayo HSF1, iliyokuwa imeshikiliwa, huachiwa, hujiunga tatu-tatu, hujibandika kwenye DNA na kuwasha jeni ya HSP70. Kwenye ini la panya mzee HSF1 bado ipo ya kutosha. Ni kule kujibandika ndiko kunakolegea. Na hasara yake ni kubwa: wakipashwa joto tena baada ya saa 24, ini la kijana huhimili, la mzee huumia.

Hata hivyo, kagueni kwanza kingamwili mliyotumia, ile inayoshika HSP70 ili ionekane. HSP70 ina ndugu yake, HSC70, ambayo seli huwa nayo wakati wote, na uzito wao unakaribiana mno kiasi kwamba kwenye jeli huweza kuonekana bendi moja. Kingamwili inayozishika zote mbili huficha tofauti mnayoitafuta. Huu ndio mtego tunaouogopa kuliko yote.

Pili, muda. Msichukue ini mara moja tu. Chukueni saa 0, 2, 6 na 24 baada ya joto, la sivyo mtadhani aliyechelewa ameshindwa. Hesabuni dakika za kupasha joto tangu joto la ndani, lililopimwa kwenye puru, lifike nyuzi 41, wala si tangu mnyama aingie kwenye joto. Vipande vigandishwe papo hapo kwenye nitrojeni kimiminika.

Kulinganisha kiasi cha protini kilichopakiwa kwenye jeli msitegemee GAPDH, protini ya kawaida ya seli inayotumiwa kama kilinganishi, kwani nayo huweza kubadilika na umri. Pakieni mikrogramu 20 kila kisima, kisha pakeni utando, ule ambao protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli, rangi ya Ponceau mlinganishe protini yote.

Panya wasiopashwa joto nao washikwe vilevile: kumbana mnyama tu kunatosha kupandisha HSP70 kwenye tezi za adrenali na mishipa ya damu. Andikeni pia chakula walichokula, maana panya wazee waliopunguziwa chakula kwa muda mrefu hurudisha sehemu ya mwitikio huo kwenye seli za ini.