Ukifika miaka 55, hesabu miezi kabla ya kuandika barua ya kustaafu

Mtumishi wa umma huku Rungwe akikaribia miaka 55 hasumbuliwi na ukosefu wa washauri. Anashauriwa ofisini, msibani, kanisani, hata ndani ya kosta ya kwenda Mbeya. "Mwalimu, staafu kwa hiari, chukua chako ungali na nguvu." Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda kweli, lakini nilibaki darasani hadi 60. Leo ningeamua vilevile.

Kwetu pensheni huipati huku ukiendelea na ajira yako ileile. Kuichukua ni kustaafu: kwa hiari ukifika 55, au kwa lazima ukifika 60 (maprofesa na madaktari bingwa wana umri wao). Kwa hiyo swali ni moja: miaka hiyo mitano katikati ina faida gani?

Wengi hutazama mkupuo tu, yaani zile fedha zinazolipwa mara moja unapostaafu. Tangu Julai 2022 kikokotoo kinafanya hivi: wastani wa mshahara wako wa mwaka, katika miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, unazidishwa kwa miezi uliyochangia, kisha unagawanywa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, inayobaki unalipwa kila mwezi. Mkupuo ulianza na asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuupandisha hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa kwenye kundi la mkupuo wa asilimia 50.

Chukua mwalimu mwenye miezi 360 na wastani wa sh. 1,500,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 40, akiondoka na 55 anapata mkupuo wa karibu milioni 55.9 na pensheni ya kama sh. 558,600 kila mwezi. Akikaa hadi 60 anafikisha miezi 420. Hata mshahara usipopanda kabisa, mkupuo unakuwa karibu milioni 65.2 na pensheni kama sh. 651,700. Hiyo ni nyongeza ya sh. 93,000 kila mwezi, maisha yake yote ya uzeeni. Na katika miaka hiyo mitano alikuwa anapokea mshahara, si pensheni ya laki tano na kitu.

Kuna jambo hapo ambalo watu hulipita haraka: ile miaka mitatu bora. Ukipandishwa daraja ukiwa na 56 au 57, ukiondoka mwaka unaofuata mshahara mpya unaingia kwenye wastani kwa sehemu ndogo tu. Ukiufanyia kazi miaka mitatu, wote unahesabiwa. Kwa mtu aliyesubiri daraja muda mrefu, kuondoka mara baada ya kulipata ni kuwaachia wengine jasho lake.

Sababu ya pili ni shamba. Wengi wanataka mkupuo wakapande parachichi, au mipaini kama watu wa Mufindi. Mawazo mazuri, lakini mipaini inataka miaka 15 na zaidi, na miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa inaanza kuzaa ikiwa na miaka mitatu au minne. Katikati hapo kuna palizi, mbolea, dawa na vibarua. Ukitegemea pensheni peke yake, shamba litakula mkupuo wote kabla hujaonja tunda. Mimi na mume wangu tulipanda mshahara ukiwa bado unaingia, kidogo kidogo, na nilipostaafu miti ilikuwa tayari inajilisha. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: panda ukiwa na 55, staafu ukiwa na 60.

Anayetaka mkupuo ili alipe kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, namwonea huruma sana, ila simshauri. Deni hilo lina mwisho, na pensheni iliyopungua haina.

Lakini sisemi kila mtu abaki. Muuguzi ambaye mgongo umemshinda na bado anapangiwa zamu za usiku, aende. Mwenye mwenza mgonjwa nyumbani, aende, na asiombe radhi kwa mtu. Miezi 60 ya nyongeza hainunui afya, wala haikurudishii siku ulizopaswa kukaa na mtu wako.

Uamuzi wowote utakaofanya, ukifika 54 anza kukagua michango yako kwenye PSSSF Kiganjani, huduma ya simu ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mwezi kwa mwezi. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho, kisha linganisha majina yaliyomo na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Ukikuta mwezi umerukwa au jina limetofautiana, nenda kwa afisa utumishi wako wiki hiyohiyo, ukiwa bado mtumishi na faili lako liko jirani.