Aingie, lakini aulizwe

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: wanafunzi wakimwalika chuoni mgeni ambaye maneno yake yanawaudhi au kuwatisha wengi, uongozi umruhusu au umzuie? Jibu langu ni kwamba aingie. Aingie kwa sharti moja: dakika za kuulizwa maswali ziwe sawa na dakika atakazozungumza, na sharti hilo liwe limebandikwa ubaoni kabla jina la mgeni yeyote halijatajwa. Nimefika hapo baada ya kukosea, na kosa lenyewe nitalieleza.

Nilikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha afya mjini Moshi kwa miaka 13. Sasa nimestaafu, nakaa Sakina, Arusha. Mwaka 2014 kikundi kimoja cha wanafunzi kililetea ofisi yangu barua ya kuomba ukumbi. Mgeni wao alikuwa amevuma kwa mihadhara ya lishe. Alikuwa akifundisha kwamba kisukari na presha vinapona kwa kubadili chakula na kunywa unga wa mizizi anaouchanganya mwenyewe, na kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vinavyowaua watu figo. Wakufunzi walipopata habari walikuja wamekasirika. Mmoja aliniambia, "Mama, sisi tunawafundisha miaka mitatu, huyu aje awavuruge kwa saa moja?" Niliona ana haki. Sote huku kaskazini tulikuwa bado tunakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Nikaandika "Haikubaliki" juu ya barua ile, nikagonga mhuri.

Siku ilipofika akaja vilevile. Mlinzi akamzuia getini. Hakubishana, alivuka tu barabara, akapanda kwenye kibaraza cha duka karibu na kijiwe cha bodaboda, akaanza kuzungumza. Ofisi yangu ilikuwa ghorofani, dirisha linatazama barabara, kwa hiyo niliona yote. Mwanzo walikuwa wanafunzi kama thelathini. Vipindi vilipoisha saa kumi, wakamiminika wote. Neno lake la kwanza, nililolisikia vizuri kwa sababu alikuwa na sauti kubwa, lilikuwa: "Mmeona wanavyoogopa?"

Baada ya hapo hakuhitaji ushahidi tena. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu nani atamhoji mtu aliyefukuzwa mlangoni? Kwetu, mtu aliyefukuzwa huonewa huruma kwanza. Mimi ndiye niliyemvika heshima ile. Unga aliokuja nao kwenye begi uliisha kabla ya magharibi.

Wiki ya tatu, binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini, akafunga mlango, akakaa bila kuambiwa akae. Mama yake, huko Rombo, alikuwa ameacha vidonge vya presha. Binti ndiye aliyemshauri, na unga alimnunulia yeye. Sasa mama amelazwa na upande wa kulia hausogei. Nilimuuliza, nadhani kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa nini hakumuuliza mkufunzi hata mmoja kabla ya kumpigia mama yake simu. Akasema, "Mama, si mlimkataza? Ningeanzaje kusema nilimsikiliza?"

Nilikuwa na shahada ya ushauri nasaha na sikuwa nimelifikiria hilo. Nilipokataza mgeni, nilikataza pia maswali juu yake. Waliomsikiliza walimsikiliza kwa siri, na jambo la siri halipelekwi kwa mwalimu. Wanaojua historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watakumbuka kwamba mwaka 1970 kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, na jarida lake la Cheche vilipigwa marufuku. Mwaka uliofuata likatoka jarida jingine, Maji Maji, chini ya tawi la Umoja wa Vijana wa TANU hapohapo chuoni, na hoja zikaendelea. Wale angalau walikuwa na jarida la kujibizana. Wanafunzi wangu walikuwa na kibaraza cha duka.

Tukakaa jioni kadhaa, mimi, mkufunzi wa famasia na viongozi wawili wa serikali ya wanafunzi, tukaandika ukurasa mmoja. Barua ya mwaliko ifike wiki mbili kabla, isainiwe na wanafunzi watatu kwa majina yao. Mgeni asiuze kitu ndani ya eneo la chuo. Mwenyekiti wa mkutano asitoke kwenye kikundi kilichoalika. Swali la kwanza aulize mtu anayepinga. Muda nusu kwa nusu, na mgeni asaini kwamba amekubali. Uongozi haukupewa nafasi ya kuuliza kama maoni yake ni mazuri, na hapo ndipo tulipobishana sana, kwa sababu mwenzetu mmoja alitaka tuongeze maneno "asiye na maadili mabaya". Nilikataa. Ukiingiza maneno hayo, kila mkuu wa chuo atakayekuja atayapima kwa mzani wake, na barua zitarudi kuwa za kugonga mhuri tu. Katiba yetu, ibara ya 18, inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Haijaongeza "yanayompendeza mshauri wa wanafunzi".

Kitu kimoja tulikiongeza baadaye, nacho nakiona ndicho chenye akili kuliko vyote, ingawa alikibuni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza. Ni ndoo. Ndoo ndogo ya plastiki inapitishwa viti kwa viti, mtu anaandika swali kwenye kipande cha karatasi, anatumbukiza. Mwanafunzi wa miaka kumi na tisa hasimami mbele ya ukumbi uliojaa kumpinga mtu mzima anayemwita baba. Amelelewa hivyo, na kulelewa hivyo si kosa. Lakini mkono wake unaweza kuandika kile ambacho mdomo unaona haya kusema.

Mwaka 2016 yule bwana wa unga aliomba tena. Alisaini ukurasa wetu. Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama madirishani. Alizungumza dakika 40, na alizungumza vizuri, maana watu wa aina hiyo hawavumi bure. Kisha mwenyekiti, mkufunzi wa uuguzi aliyeweka simu yake mezani ikihesabu dakika, akamwita aliyepewa swali la kwanza. Alikuwa kijana wa maabara, mpole, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake.

"Baba, umesema umewaponya watu 300 wa kisukari. Kati yao umerudi kuwapima wangapi, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu?"

Mgeni akasema wanampigia simu kumshukuru.

"Wanaopiga ni wangapi?"

"Ni wengi."

"Na wale wasiopiga, unajua wako wapi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Akasema, "Hapana. Hao siwajui." Alijibu kiungwana na ninampa heshima yake kwa hilo. Ukumbi ulitulia hadi feni ikasikika.

Naye pia alitupa kitu. Ndoo ilipopita, swali moja lilimuuliza kwa nini wagonjwa wanamwamini yeye kuliko hospitali. Akasema: mgonjwa wa kisukari anapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, anaingia kwa daktari dakika tatu, anatoka na karatasi, mimi namsikiliza saa nzima. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, kwa sababu ni kweli. Yule mkufunzi aliyekuwa amekuja kwangu na hasira miaka miwili kabla aliyabeba maneno hayo hadi darasani, akafundishia kipindi kizima cha namna ya kuzungumza na mgonjwa wa maradhi ya kudumu. Sidai kwamba wote walibadilika siku ile. Nje ya geti aliuza tena pakiti kadhaa, nilimwona. Lakini wiki hiyo wanafunzi walikuja kwa wakufunzi na maswali ya figo na dawa za presha, waziwazi, bila kufunga mlango.

Najua wapo watakaosema: mama, hayo ni ya unga wa mizizi, vipi kuhusu maneno yanayomwaga damu? Anayekaa Arusha hawezi kulikwepa swali hilo. Hapa mjini, kwenye jengo la mikutano la AICC, ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipowahukumu Desemba 2003 watu wa redio ya RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vya Rwanda vilivyochochea mauaji ya kimbari. Mmoja wao, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, cha Nahimana kutoka maisha hadi miaka 30, lakini kosa lake la kuchochea mauaji ya kimbari halikufutwa. Kwa hiyo mpaka upo, na anayewaita watu wakaue jirani zao hana haki ya ukumbi wowote. Huyo ni wa polisi. Lakini tazameni pia chombo chenyewe. Redio ilitaja watu kwa majina, ikaelekeza walipo, na hakuna msikilizaji aliyeweza kunyoosha mkono kuuliza: huyu jirani amenikosea nini? Sumu ile ilikwenda upande mmoja tu.

Na Arusha hiihii, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Desemba 2014, katika kesi ya mwandishi Konaté dhidi ya Burkina Faso, kwamba kumfunga mtu jela kwa kashfa kunavunja uhuru wa kujieleza. Ikabakiza mambo mazito tu, kama kuchochea chuki au ukatili dhidi ya watu. Mkisoma hukumu hizo mbili pamoja mtaona kwamba kuudhi si kuchochea. Wakuu wa vyuo wengi ninaowajua wanayachanganya haya mawili, na hasa wanachanganya kuudhiwa kwao wao na usalama wa wanafunzi.

Fujo ni hofu ya kweli. Aprili 2013, Njiro, mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu aliuawa, wenzake wakakusanyika na uchungu wao, Mkuu wa Mkoa akaja, na siku ikaishia kwa mabomu ya machozi. Marekani, Chuo Kikuu cha Florida kilitumia kama dola 600,000 kwa ulinzi wa mgeni mmoja wa siasa za ubaguzi, Oktoba 2017. Hakikuweza kumdai mgeni gharama hizo kwa sababu tu wapinzani wake wana hasira, maana Mahakama ya Juu ya kule ilishaamua mwaka 1992 kwamba ada isipande kwa kuangalia nani atachukia maneno ya msemaji. Naikubali hoja hiyo. Ukimzuia mgeni kwa sababu watu wametishia kumpiga, umewafundisha wanafunzi kwamba kutishia kunafaulu.

Septemba 10, 2025, Charlie Kirk, mwanaharakati wa siasa za kihafidhina wa Marekani, aliuawa kwa risasi katika chuo cha Utah Valley, uwanjani, akijibu maswali ya wanafunzi. Niliposikia nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu maswali ndiyo ninayoyatetea. Sijabadili msimamo. Ila ningeongeza kwenye ukurasa wetu: ndani ya ukumbi, mlango mmoja, mabegi yakaguliwe, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ajulishwe mapema.

Lakini kama ni kusema ukweli wote, mgeni anayeudhi si yeye aliyenipa shida kubwa katika miaka ile 13. Ni mgeni rasmi. Huyu hakuna anayeuliza kama aruhusiwe. Anakuja na msafara, anasomewa risala, anahutubia saa mbili, anapigiwa makofi, anakwenda kula. Wanafunzi 500 wamekaa, na hakuna hata mmoja aliyesema neno ila yule wa risala, ambayo ilihaririwa na ofisi mara tatu. Kama kanuni haimhusu huyu, basi ni kanuni ya kuwabana wanyonge.

Mwaka 2017 tulimtarajia mheshimiwa mmoja. Niliwatumia ukurasa wetu kama nilivyowatumia wengine. Msaidizi wake akanipigia: "Mama, mheshimiwa haulizwi maswali na wanafunzi." Nikamwambia kwa heshima zote kwamba basi ukumbi hautapatikana. Mkuu wa chuo aliniita, akanisema sana, nikamwekea mezani ule ukurasa wenye sahihi ya muuza unga. Nikamuuliza tutamwambia nini mtu huyu akirudi. Akausoma mara mbili, akanirudishia bila neno. Ziara ikaahirishwa, na miezi miwili mimi sikulala vizuri.

Kisha wakaandika tena, wakakubali. Mheshimiwa alizungumza nusu saa. Swali la kwanza la kwenye ndoo lilikuwa limeandikwa kwa penseli: "Mwaka huu tunahitimu wauguzi wengi, serikali itaajiri wangapi?" Hakulijibu vizuri. Lakini alilijibu, akakosolewa na binti mmoja aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe, akajibu tena, na alikaa mpaka simu ya mwenyekiti ilipolia.