Kutaja tamathali hakutoshi: kudurusu kwa ajili ya mtihani wa fasihi ya Kiingereza

Swali: Mwalimu, nimebakiza wiki tatu kabla ya mtihani wa Kiingereza, karatasi ya fasihi na insha. Nimekariri orodha ndefu ya tamathali za usemi, na katika kifungu chochote ninaweza kuonyesha ilipo tashbihi au takriri. Hata hivyo, insha zangu hurudishwa zikiwa na maneno yaleyale pembeni: "umetaja, hukufafanua." Nifanye nini katika muda huu?

Jibu: Orodha uliyoikariri ina faida yake, ila imekufikisha nusu ya safari tu. Mtahini anaposoma kwamba mwandishi ametumia sitiari ili kumvutia msomaji, haambiwi lolote kuhusu kifungu kilicho mbele yake, kwa kuwa sentensi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye shairi lolote na ikabaki vilevile. Jipime hivi: futa jina la tamathali uliyoitaja, uweke jingine mahali pake, ikiwa sentensi yako bado inasimama, hujafafanua kitu.

Chukua tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, ambayo hutahiniwa mara nyingi. Katika onyesho la pili la tendo la pili, Macbeth, akiwa ametoka kumuua Mfalme Duncan, anajiuliza kama bahari yote ingeweza kuosha damu iliyo mikononi mwake, kisha anajijibu kwamba mikono hiyo ndiyo itakayoigeuza bahari kuwa nyekundu. Muda mfupi baadaye mkewe anasema kwamba maji kidogo yatawatakasa. Mtahiniwa dhaifu ataandika kwamba maneno ya Macbeth ni chuku, yaani kutia chumvi kupita kiasi, naye atakuwa amesema kweli, lakini ataishia hapo. Mtahiniwa makini ataona kwamba chuku hiyo inapima hatia, ilhali mkewe anapima damu tu, kana kwamba tendo lenyewe ni doa la kawaida. Kisha ataruka hadi tendo la tano, ambapo mwanamke huyohuyo anatembea usingizini akisugua mikono isiyo na kitu, na kulalamika kwamba manukato yote ya Uarabuni hayawezi kuiondolea mikono hiyo harufu ya damu. Hapo ndipo kinaya, yaani mambo kuwa kinyume cha yalivyoonekana, kinapojitokeza: kauli iliyoonekana kupita kiasi ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli, na ile iliyoonekana ya busara ndiyo iliyopotosha. Aya yenye hoja hiyo inagusa tamathali mbili, wahusika wawili na muundo wa tamthilia nzima, bila orodha yoyote.

Kwa hiyo badilisha mpangilio wa daftari lako. Badala ya kuwa na ukurasa wa sitiari na ukurasa wa tashihisi, tenga ukurasa kwa kila dhamira au mhusika mkuu, na chini yake uandike dondoo fupi tatu au nne, kila moja ikiwa na sentensi inayoeleza inachofanya. Majina ya Kiingereza ya tamathali uyajue kwa tahajia sahihi, kwani karatasi ni ya Kiingereza. Aidha, hakikisha unatofautisha aina tatu za kinaya, yaani cha maneno (kusema kinyume cha unachomaanisha), cha hali (matokeo kuwa kinyume cha yaliyotarajiwa) na cha kidrama, ambamo hadhira hujua jambo asilolijua mhusika. Watahiniwa wengi huzichanganya, na wengine huita kinaya kila jambo la kusikitisha.

Kuhusu insha, anza na kitenzi cha swali. Swali linalouliza "kwa kiasi gani" linadai msimamo, na msimamo huo sharti uonekane katika utangulizi, ambao hauhitaji kuzidi sentensi tatu au nne. Wasifu wa mwandishi, mwaka wake wa kuzaliwa na sifa zake uuache, isipokuwa swali limeuomba. Kila aya ifunguliwe na dai linalojibu swali, kwa maana aya inayofunguliwa na tukio karibu kila mara huishia kusimulia hadithi upya. Nukuu zako ziwe fupi, maneno mawili hadi sita, yaliyoshonwa ndani ya sentensi yako mwenyewe, na matukio ya kitabu uyaeleze kwa wakati uliopo, kama ilivyo desturi ya uandishi wa kihakiki wa Kiingereza.

Kifungu usichowahi kukisoma kina mbinu yake. Kisome mara ya kwanza bila kalamu, ukitafuta mahali ambapo toni inageuka, kwa sababu mashairi mengi mafupi huficha hoja yake kwenye mgeuko huo; katika usomaji wa pili ndipo utafute tamathali, ukianza na zilizo karibu na mgeuko.

Wiki ya kwanza na ya pili usiandike insha nzima kila siku. Chukua maswali ya mitihani iliyopita, funga kitabu, na kwa kila swali uandike mpango wa madai matatu kwa dakika saba, kisha aya moja kamili. Kusoma daftari tena na tena hukufanya uone kuwa unajua. Kukumbuka bila kutazama ndiko kunakoonyesha pengo. Wiki ya mwisho andika insha kamili kwa kufuata saa, ukiacha dakika tano za kuipitia, na mwalimu wako aisahihishe aya mojamoja.