Jibu: "I was sick on the bus" maana yake nini?

Habari ndugu. Kwa hiyo mwenzako wa kazini Uingereza kaandika "I was sick on the bus", ukampa pole ya homa, watu wakacheka. Cha kwanza angalia anayeongea ni wa wapi. Waingereza ninaofanya nao kazi wakisema "was sick" huwa ni kutapika. Jamaa alichafua basi, maskini. Kuumwa kwao ni "ill", ila asiyekuja kazini kwa ugonjwa yuko "off sick". Mmarekani hata mafua tu ni "sick". "I'm sick of this rain" ni kuchoshwa: mvua imemkera. Vijana wakisema "that goal was sick" wanasifia, goli kali! Hiyo usimwandikie bosi.