Dogma F au C68? Mgongo ndo uamue

Kaka, umesema hela inatosha baiskeli moja tu kati ya hizi mbili za Kitaliano, Pinarello Dogma F na Colnago C68, kila Jumapili unapiga kilomita 100 na mgongo unaanza kulalamika ukifika ya 70. Mi nimeziendesha zote, Dogma niliazima wiki nzima, na kwa mgongo huo chukua Colnago wala usiumize kichwa. Dogma ni ya mbio bwana, ukisimama kwenye pedali inachomoka hapo hapo na kwenye kona za mteremko imetulia kuliko zote nilizowahi kupanda, ila barabara ya viraka utahesabu kila kiraka kwa makalio. C68 yenyewe haina papara hivyo, mabomba yake ya kaboni yanaunganishwa kwa viungio na gundi huko huko Italia, ndo maana bei imesimama vile, na ile mitetemo midogo ya lami mbovu inafika mkononi ishachoka. Usiichanganye na V4Rs, Colnago nyingine ambayo mwendesha baiskeli Pogačar alishindia mbio za Tour de France 2024, hiyo inatengenezwa Asia na kwa ugumu wa fremu haiachani sana na Dogma.

Alafu tairi! Mi nililaumu fremu mwezi mzima kumbe nina tairi za upana wa milimita 25 nimezijaza upepo mpaka ukizigonga zinalia kama ngoma, nikaweka za 28 nikapunguza upepo, ikawa baiskeli nyingine kabisa. Na kabla hujalipa nenda kapimwe baiskeli ikae sawa na mwili wako, siti ikizidi juu sentimita moja tu hamna Mtaliano atakayekuokoa.