Jibu: Nikeli inatoka nyeusi kingoni

Mkuu, umeuliza kwa nini nikeli unayopaka kwenye chuma kwa umeme inatoka nyeusi kingoni mwa kipande na vipovu ni vingi, na dawa (maji yenye chumvi ya nikeli unamochovya kipande) huipashi moto. Hivyo vipovu ni haidrojeni, ndiyo inayokula umeme wako. Ampea 5 unazotumia kwa kila desimita mraba (sm 10 kwa 10) ya uso wa kipande ni nyingi mno kwa dawa baridi. Shuka hadi 1 au chini yake, na koroga muda wote. Asidi ya boriki isikose, kama gramu 30 kwa lita, pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikae karibu na 4. Mimi niliharibu vitasa vitatu kwa haraka zangu tu.

Halafu pima uzito wa kipande kabla na baada. Ampea 1 kwa saa 1 ingeweka gramu 1.095 kama umeme wote ungefanya kazi, ukipata 0.9, karibu moja ya tano imeishia kwenye vipovu.