Kabla ya kuanzisha jarida la roki, acha kutafuta wafadhili

Juzi kijana mmoja wa Likasi aliniandikia: "Yambo mkubwa. Tuko na bendi ya roki, tunataka kutoa jarida kama lile lenu la zamani. Tuelekeze kwa wafadhili." Nilifurahi kwamba bado kuna anayelikumbuka, maana hapa Lubumbashi kuna watu wanaosimulia roki ya mji huu kana kwamba ilianza siku walipozaliwa wao. Ila hilo neno la wafadhili lilinitonesha kidonda. Najibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mnaonisoma mna hamu ileile.

Kagazeti ketu kalizaliwa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, kwenye kibanda cha fotokopi. Siku hizo kila baa ilikuwa rumba na ndombolo, na ukivaa fulana nyeusi yenye fuvu, pasta wa mtaa alikuombea bila kuombwa. Kanda tuliletewa na akina mama wafanyabiashara waliokuwa wakienda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na humo ndimo tulimokutana na Zamrock, yaani roki ya Zambia. WITCH, Amanaz, Paul Ngozi: vijana wa ng'ambo ya mpaka, ukanda uleule wa shaba, wakipiga magitaa yanayonguruma tangu miaka ya 1970! Rais wao, Kaunda, aliagiza redio ipige muziki wa Kizambia kwa asilimia 95, bendi zikachangamka. Kisha bei ya shaba ikaanguka, watu wakakosa pesa ya santuri, na mambo yakaanza kuzima. Jagari, mwimbaji wa WITCH, aliishia kuchimba vito. Sisi watoto wa wafanyakazi wa mgodi hatukuhitaji mkalimani kuielewa hadithi hiyo. Tuliiandika kwenye toleo la kwanza, kwa Kiswahili, miaka kadhaa kabla lebo ya Marekani haijatoa upya santuri za WITCH mwaka 2012 na wajuzi wa mjini kuanza kujifanya walizisikiliza tumboni mwa mama zao.

Mwalimu wetu alikuwa Mark Perry, karani wa benki wa London. Mwaka 1976 alitoa jarida la roki ya punk, Sniffin' Glue, kwa taipureta na kalamu nene ya wino. Toleo la kwanza lilikuwa nakala kama 50 tu. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa maelfu, naye akalifunga mwenyewe mwaka 1977, baada ya matoleo 12, kwa kuwa hakutaka limezwe na vyombo vikubwa vya habari. Kabla yake, Paul Williams wa Marekani alianzisha jarida la roki, Crawdaddy!, mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa miaka 17, na nakala 500 hivi. Niambie, nani kati yao alianza kwa kuandika mradi wenye bajeti na "matokeo yanayotarajiwa"?

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu hapa wengi hukwama. Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati zinakupa kurasa 16. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja lazima jumla yake iwe 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15; 14 na 3, nyuma yake 4 na 13; endelea hivyo hadi 8 na 9. Ukikosea hapo, msomaji atakutana na mwisho wa mahojiano kabla ya swali la kwanza. Agrafezi (stepla) ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungue wazi, tandika karatasi juu ya kandambili, gonga, kisha kunja pini kwa mgongo wa kijiko. Mashine ya kile kibanda iliacha mstari mweusi upande wa kulia wa kila ukurasa. Wasomaji wa mtaa wa Katuba walifika mahali pa kuutafuta mstari huo ili wajue nakala ni halisi.

Fotokopi ilikuwa franka 50 kwa upande, pande nane ni 400, tukauza 500. Faida ndogo, lakini ya kwetu. Kwa hiyo jambo la kwanza: jarida lako liuze. La pili: weka jina lako.

Kwa nini nasisitiza jina? Taasisi moja ya utamaduni, siitaji, ilikuja na ahadi ya rangi na karatasi nzito. Toleo lililofuata likatoka kwa Kifaransa, ukurasa wa kwanza una picha ya mkurugenzi, nembo zimejaa nyuma, na makala yetu kuhusu wapiga gitaa wa mpakani imekatwa ikabaki aya moja. Likagawiwa bure kwenye karamu, watu wakaweka glasi juu yake. Pesa zilipokwisha, nao wakaisha. Mwaka jana nikaingia kwenye maonyesho fulani, nikakuta nakala zetu za mwanzo ndani ya kioo, mstari mweusi uleule, na kikaratasi pembeni: "Jarida la vijana. Mtunzi hajulikani." Mtunzi alikuwa amesimama pale amelipa kiingilio.

Ndiyo maana nawaambia vijana: jina kwenye jalada, jina ndani, mwaka na mtaa kwenye kila toleo. Mwenye pesa akija, mwambie anunue nakala kama wengine. Andika Kiswahili tunachosema, usimwandikie mtu wa ubalozi. Na jina, nimeshasema, weka jina.

Na wewe wa Likasi usinililie kwamba huna cha kuandika. Mwaka 1952, mji wenu ukiitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapo mwanamuziki Jean Bosco Mwenda akiwa na gitaa moja tu, na wapiga gitaa wa nje bado wanahangaika kuviiga vidole vyake. Baada yake walikuja waliochomeka gitaa kwenye umeme, na baadhi yao wangali hai. Nendeni na daftari na chupa ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Msianze na maswali ya umaarufu, wazee watawapa hotuba. Waulizeni gitaa la kwanza walilinunua kwa nani na kwa bei gani. Majina ya wenzao yatafuata yenyewe.